Kura ya Mwanamke Umasaini

Wanawake wa Kizungu wa Kenya walianza kuidai kura mwaka wa 1917, walipounda chama chao cha East Africa Women's League. Wakaipata mwaka wa 1919. Mwanamke wa Kiafrika alingoja. Waafrika walipowachagua wajumbe wao wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, sheria haikumkataza mwanamke, bali ilimtaka mpiga kura awe na elimu, mali au mapato. Hapo ndipo palipokuwa na kizuizi. Mama wa boma la Kajiado, aliyekamua alfajiri na jioni, angeonyesha mali gani? Maziwa yalikuwa yake. Ng'ombe walihesabiwa kuwa wa mumewe. Na shuleni wasichana walikuwa wachache mno.

Mwaka wa 1963 masharti hayo yaliondolewa, watu wazima wote wakapiga kura. Lakini kuchagua ni jambo moja, na kuchaguliwa ni jingine. Ilipita miaka 50 kabla Peris Tobiko, mwaka wa 2013, hajashinda kiti cha Kajiado Mashariki, ulimo mji wa Kitengela, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimasai kuchaguliwa mbunge. Baadhi ya wazee walikuwa wamemwonya kwa laana asigombee. Hakurudi nyuma, na mwaka wa 2017 wapiga kura wakamrudisha Bungeni.