Jua la Miyuji na Elektroni za Zinki

Miyuji ni kata ya Jiji la Dodoma, katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, yapata meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi mawingu huwa machache, na jua la mchana huyapasha moto mabati ya nyumba hata mkono usiweze kuyagusa. Mabati ya kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Nayo zinki ndiyo metali aliyoitumia Wilhelm Hallwachs, huko Ujerumani mwaka 1888, kuonyesha kwamba mwanga waweza kuiondolea metali chaji yake hasi. Hapo huzuka swali: je, jua kali namna hiyo hung'oa elektroni kutoka katika mabati ya Miyuji?

Jibu ni kwamba karibu haling'oi kabisa. Sababu yake si unyonge wa jua, na kuielewa sababu hiyo ni kuuelewa moyo wa athari ya fotoelektriki.

Mwaka 1887 Heinrich Hertz aligundua kwamba cheche ya umeme huruka kwa urahisi zaidi ncha za metali zinapomulikwa na mionzi ya urujuanimno. Mwaka 1902 Philipp Lenard alionyesha jambo la ajabu zaidi: mwanga ukiongezwa ukali, elektroni zinazotoka huwa nyingi zaidi, lakini nishati ya kila moja haiongezeki. Nadharia ya mawimbi haikuweza kulieleza jambo hilo. Mwaka 1905 Albert Einstein alipendekeza kwamba mwanga hupokewa kwa mafungu, ambayo leo huitwa fotoni. Nishati ya kila fotoni ni hf, ambapo f ni marudio ya mwanga, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, na h ni namba isiyobadilika ya Planck.

Mfano wa kisima wafaa hapa. Maji yako chini kina fulani, na kila mtekaji ana ndoo na kamba yake. Kamba ikiwa fupi kuliko kina, ndoo haifiki majini. Wakija watekaji mia wenye kamba fupi, na kila mmoja akatumia yake peke yake, wote watarudi na ndoo tupu. Kina cha kisima ni mfano wa nishati ndogo kabisa inayohitajika kuitoa elektroni nje ya metali. Katika makala haya itaitwa kazi ya kung'oa, W. Urefu wa kamba ni nishati ya fotoni moja, na idadi ya watekaji ni ukali wa mwanga. Kamba ikizidi kina, kinachobaki huwa nishati ya mwendo ya elektroni. Basi nishati kubwa kabisa ya mwendo ni hf − W.

Sasa turudi kwenye mabati. Nishati ya fotoni katika elektroni-volti hupatikana kwa kugawanya 1,240 kwa urefu wa wimbi katika nanometa. Kazi ya kung'oa ya zinki ni kama elektroni-volti 4.3, hivyo huhitajika mwanga wenye urefu wa wimbi usiozidi nanometa 288 hivi. Tabaka la ozoni huzuia karibu mionzi yote ya jua iliyo mifupi kuliko nanometa 290. Fotoni ya nanometa 300 ina elektroni-volti 4.1 tu: kamba imepungua kidogo, lakini imepungua.

Mwalimu anayetaka kulionyesha jambo hili kwa elektroskopu hana budi kukumbuka kwamba zinki iko mpakani. Usafi wa uso wa metali huibadili kazi ya kung'oa, kwa hiyo jaribio la juani laweza kumpa majibu yanayogeuka-geuka. Magnesi, yenye elektroni-volti 3.7 hivi, hutosheka na mwanga wa nanometa 335, ambao jua hutuletea. Utepe wa magnesi usuguliwe kwanza kwa msasa, kisha upewe chaji hasi. Chaji ikiwa chanya, elektroni zinazotoka huvutwa zirudi, na elektroskopu haionyeshi badiliko. Anayetumia taa ya urujuanimno akinge macho na ngozi.

Kuipima kazi ya kung'oa huhitaji selifoto, yaani chupa isiyo na hewa yenye bamba la metali na waya wa kupokea elektroni. Waya hupewa volti hasi, nayo huongezwa hadi mkondo ukome. Hiyo ndiyo volti ya kuzuia. Tuchukue mfano wa hesabu. Mwanga wa nanometa 365, wenye marudio 8.21 × 10¹⁴ kwa sekunde, wazuiwa kwa volti 1.30; ule wa nanometa 546, wenye marudio 5.49 × 10¹⁴, wazuiwa kwa volti 0.17. Tofauti ya volti, 1.13, ikigawanywa kwa tofauti ya marudio, 2.72 × 10¹⁴, hutoa mteremko wa grafu: 4.15 × 10⁻¹⁵. Ukizidishwa kwa chaji ya elektroni, hupatikana h, yaani 6.6 × 10⁻³⁴ joule-sekunde. Fotoni ya kwanza ina elektroni-volti 3.40, tukitoa 1.30, W ni 2.10, ambayo ni karibu sawa na ya sesi.

Robert Millikan alifanya vipimo vya namna hii huko Chicago, na mwaka 1916 akatangaza matokeo yake. Alizikwangua metali kama sodi kwa kisu ndani ya chupa isiyo na hewa, ili uso uwe safi. Hakuikubali nadharia ya fotoni, lakini grafu zake zilinyooka sawasawa na mlinganyo wa Einstein, naye akazitangaza kama zilivyo.

Juu ya paa lile lile la Miyuji huenda pamefungwa paneli ya jua, nayo hutoa umeme. Hakuna kinyume hapo. Katika silikoni elektroni haihitaji kutoka nje. Yahitaji kufunguliwa tu ndani, kwa elektroni-volti 1.1 hivi, na hata mwanga mwekundu wenye 1.8 watosha. Jua ni moja na paa ni moja. Kilichotofautiana ni kina cha kisima.