Lugha na Uraia Mpakani

Watu wazima waliotoka Uganda wakafanya maskani Busia na Malaba, nao wataka kuandikishwa kuwa raia wa Kenya kwa ajili ya ukaazi wao, yawapasa kufahamu sharti la lugha. Katiba ya zamani, iliyokoma mwaka 2010, ilidai ujuzi wa kutosha wa Kiswahili. Sheria ya mwaka 2011 yataka mwombaji aweze kufahamu na kusema Kiswahili au lugha ya wenyeji. Kiteso na Kisamia husemwa pande zote mbili za mpaka. Basi mwenye lugha hizo asikate tamaa. Lakini lugha peke yake haitoshi: lazima awe amekaa miaka 7 mfululizo kwa halali. Miaka iliyokaliwa bila idhini haihesabiwi.