Mtoto anapokosa shule kwa ugonjwa, mfungulie daftari nyumbani

Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, anaweza kukosa shule siku tatu mwezi huu na wiki nzima mwezi ujao. Maumivu yanapombana, mzazi huwaza dawa, maji na nauli ya kwenda hospitali. Masomo hukumbukwa baadaye, mtoto anaporudi darasani na kukuta wenzake wako kwenye kugawanya wakati yeye aliwaacha kwenye kuzidisha.

Machi 17, 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya corona, wazazi wengi walijikuta wamekuwa walimu bila maandalizi. Kwa familia yenye mtoto wa selimundu, hali hiyo hujirudia kila mwaka, tena bila tangazo.

Wengi huazima daftari la mwanafunzi mwenzake na kumwambia mtoto anakili. Ananakili kurasa kumi, mkono unachoka, na jioni akiulizwa ameandika nini, hana jibu.

Ipo njia nyepesi inayotumiwa na wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani, hasa Marekani, na inamfaa sana mtoto anayeugua mara kwa mara. Inahitaji vitu viwili: daftari la kumbukumbu na lapubuku.

Daftari: funga kitabu kwanza

Kila siku ukurasa mmoja, tarehe juu. Msomee mtoto kipande kifupi au asome mwenyewe, kisha funga kitabu. Mwambie aandike au achore anachokumbuka kwa maneno yake. Akimaliza, fungueni kitabu mlinganishe, naye asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine.

Siri iko kwenye kufunga kitabu. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu waliosoma vifungu vifupi. Kuna vifungu walivyorudia kusoma, na vingine waliandika walichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, kurudia kusoma kulionekana bora. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walipokuwa wameandika walikumbuka asilimia 56, na walipokuwa wamerudia kusoma, asilimia 42. Tafiti nyingine zimeonyesha hali kama hiyo kwa watoto wa shule.

Lapubuku: kitabu cha mapajani

Lapubuku ni jalada la karatasi ngumu, kama faili la manila, ambalo pande zake mbili hukunjwa zikakutana katikati kama dirisha la mbao. Ndani, mtoto hubandika vijitabu vidogo, vipande vya kufunua na bahasha ndogo. Linaenea mapajani, hivyo hata mtoto aliyeegemea mto kitandani anaweza kulifanyia kazi.

Chukua somo la mbu. Kijitabu cha kwanza kina hatua nne za ukuaji: yai, kiluwiluwi, pupa na mbu kamili, kila moja na mchoro wake. Kipande cha pili kimeandikwa juu, "Mbu gani hunyonya damu?" Akifunua anakuta, "Jike tu." Bahasha ina vikadi vya mahali maji yanapotuama karibu na nyumbani: tairi bovu, kifuu, ndoo iliyosahaulika. Swali likae nje na jibu ndani, ili ajaribu kujibu kabla ya kufunua.

Huhitaji vifaa vya gharama. Boksi la sabuni linatosha kuwa jalada, kalenda ya mwaka jana ikatoa karatasi, na uji mzito wa unga wa ngano ukawa gundi. Muhimu ni kwamba mtoto ndiye akate, abandike na aandike. Lapubuku maridadi lililotengenezwa na mama huku mtoto akitazama limemfundisha mama.

Mwili kwanza

Siku ya maumivu makali, daftari lipumzike. Siku ya homa pia, kwani homa kwa mtoto mwenye selimundu ni ya kumwahisha hospitali. Akipata nafuu, anza na dakika 15 asubuhi na 15 jioni, chupa ya maji ikiwa pembeni.

Daftari lenye tarehe lina faida nyingine. Selimundu inaweza kuathiri mishipa ya damu ya ubongo, na baadhi ya watoto hupata kiharusi kisicho na dalili za wazi, kinachoweza kupunguza umakini na uwezo wa kujifunza. Ukiona mwandiko unaharibika, au mtoto anashindwa mambo aliyoyaweza wiki chache zilizopita, nenda na daftari hilo kliniki umwonyeshe daktari. Mkono au mguu ukilegea ghafla, mdomo ukipinda au akishindwa kuongea, hiyo ni dharura. Usisubiri siku ya kliniki.

Mwalimu ajue

Haya yote hayamtoi mtoto shuleni. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, mahudhurio ya shule ya msingi Tanzania ni lazima. Mpelekee mwalimu barua ya daktari, mweleze hali ya mtoto na umwombe orodha ya mada za mwezi. Mtoto akirudi, aende na lapubuku lake. Mwalimu ataona alipofika, na huenda akampa nafasi ya kuwaeleza wenzake kuhusu mbu.

Jioni moja akiwa na nafuu, anza na aya moja tu ya kitabu chake. Someni, funga kitabu, umuulize: "Umekumbuka nini?" Atakachojibu, hata kama ni sentensi mbili, ndio ukurasa wa kwanza.