Misuli na Kano za Jicho: Chanzo Chake na Wajibu wa Mwalimu

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilimwona mwanachuo akimkemea mtoto wa darasa la kwanza kwa kosa la kutotazama ubao. Mtoto alikuwa akiutazama, ila kwa jicho moja. Jicho la pili lilielekea puani. Mwanachuo yule hakuwa mtu mkali. Hakujua tu jinsi jicho linavyoongozwa. Makala hii yakusudia kulieleza jambo hilo tangu chanzo chake, yaani tumboni mwa mama.

Kila jicho huzungushwa na misuli sita: minne iliyonyooka na miwili ya mshazari. Misuli hiyo hushikizwa kwenye ganda jeupe la jicho kwa kano. Kano haijikunji yenyewe. Kazi yake ni kupitisha nguvu ya msuli.

Mtu angedhani kwamba msuli na kano yake vina asili moja. Sivyo. Katika kiinitete, chembe za msuli hutoka katika tabaka la kati la kichwa. Chembe za kano hutoka kwingine: kwenye kingo za mfereji ujifungao kuwa ubongo, kisha husafiri hadi kulizunguka jicho linaloanza kuota. Safari za namna hii zilifuatwa kwa mbinu aliyoibuni Nicole Le Douarin huko Ufaransa mwaka 1969, ya kupandikiza chembe za kiinitete cha kware katika kiinitete cha kuku. Chembe za kware hutambulika kwa hadubini popote ziendapo.

Je, ni nini kinachozikutanisha? Ni jicho lenyewe. Uchunguzi wa viinitete vya panya umeonyesha kwamba jicho linalokua hutoa asidi ya retinoiki, itokanayo na vitamini A, ambayo huziongoza chembe jirani. Ishara hiyo ikizuiwa, misuli haigawanyiki ipasavyo wala kano hazishiki mahali pake. Mishipa mitatu ya fahamu nayo hutoka ubongoni kuifuata misuli. Kwa mwanadamu, kazi hii huanza yapata wiki ya tano, na mwishoni mwa mwezi wa pili misuli yote sita huonekana.

Mara chache, mshipa wa fahamu hukosa kuufikia msuli wake, na mtoto huzaliwa na jicho lisiloweza kugeukia upande mmoja. Lakini makengeza mengi hutokea baada ya kuzaliwa, misuli ikiwa mizima: ubongo haujaoanisha macho, au mtoto anahitaji miwani. Kwa vyovyote, si laana wala si utundu.

Ili kulifundisha jambo hili, chukua chungwa, lichore mboni, na ubandike nyuzi nne juu, chini, kulia na kushoto, zielekee nyuma. Mwanafunzi mmoja alishike huku wengine wakivuta nyuzi kwa zamu. Kisha kata uzi wa kulia, na zilizobaki zivutwe kwa pamoja: chungwa litageukia kushoto. Hapo uliza darasa: je, chungwa limefanya ukaidi?

Ubongo wa mtoto huweza kuipuuza picha ya jicho lililopinda, na uwezo wa jicho hilo kuona ukadhoofu. Tiba hufaa zaidi kabla ya miaka 7 au 8. Mtoto wa darasa la kwanza amebakiwa na muda mfupi. Kwa hiyo, mwalimu, usimkemee. Mketishe mbele, zungumza na wazazi wake faraghani, na uwahimize wampeleke kliniki ya macho bila kungoja muhula ujao.