Eti mafuta na wanga havikai sahani moja?

Juzi kati shangazi alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za masomo akaja na lake: "Hebu niambie mwanangu, wewe si ndiye unasoma hayo mambo. Ni kweli wali wa nazi ni sumu?"

Kumbe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kulikuwa na sauti inazunguka. Mtu mwenye sauti ya upole anaeleza kwamba kitambi hakiletwi na wingi wa chakula bali na kuchanganya. Wanga ule na wanga, mafuta ule na protini, ukivikutanisha tu umekwisha. Shangazi akaitii sauti kwa mwezi mzima. Mchana wali mweupe mtupu, au ugali na mchicha wa kuchemsha usio na hata tone la mafuta. Samaki na parachichi vinasubiri jioni.

Tatizo ni kwamba shangazi ana kisukari aina ya pili. Anajipima nyumbani, na namba zake za baada ya chakula cha mchana zilikuwa zinapanda. Kwa hiyo tuliangalie hili jambo taratibu.

Wazo limetoka wapi?

Si geni. Miaka ya 1920 na 1930 daktari wa Marekani, William Howard Hay, alifundisha kwamba wanga na protini visiliwe pamoja. Hoja yake: protini inahitaji asidi ili isagwe, wanga unahitaji kinyume chake, basi ukivichanganya vinaharibiana kazi. Baadaye Mfaransa Michel Montignac akaja na toleo lingine lililopata umaarufu mkubwa: usile mafuta pamoja na wanga unaopandisha sukari haraka, kwa sababu wanga huamsha insulini, na insulini huyafungia mafuta mwilini.

Tuanze na Hay. Tumbo kweli lina asidi, na asidi husaidia kuanza kuvunja protini. Ila kazi kubwa inafanyika mbele zaidi, kwenye utumbo mdogo. Hapo asidi inazimuliwa, nyongo inayagawa mafuta kuwa matone madogo, na kongosho linamwaga vimeng'enya vya wanga, vya protini na vya mafuta kwa mpigo mmoja. Yaani mwili unategemea mchanganyiko. Angalia maharage: yakiwa makavu, kama sehemu moja ya tano ni protini na zaidi ya nusu ni wanga. Utayatenganishaje? Na maziwa ya mama, chakula cha kwanza cha binadamu, yana mafuta, protini na sukari ndani ya tone moja.

Hoja ya insulini

Hii ya Montignac ni ngumu kidogo kwa sababu nusu yake ni kweli. Wanga hupandisha insulini, na insulini huuambia mwili uweke akiba. Lakini kuna mambo mawili yamesahaulika.

La kwanza, mafuta hayana haraka. Ukila mchana, mafuta yanaendelea kuingia kwenye damu kwa saa kadhaa, na mengine hubaki kwenye kuta za utumbo mpaka mlo unaofuata uyasukume. Kwa hiyo hata ukiyatenga kwenye sahani, ndani ya mwili yatakutana na wanga tu.

La pili, akiba inapimwa kwa siku nzima, haiamuliwi na mlo mmoja. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga au protini ina 4. Ukiingiza zaidi ya unachotumia, utaongezeka, uwe umetenganisha au umechanganya.

Hili limewahi kupimwa. Watafiti wa Geneva, Uswisi, walichukua watu 54 wenye unene uliopitiliza na kuwapa kilokalori 1,100 kwa siku kwa wiki sita. Kundi moja lilitenganisha vyakula, lingine lilikula mlo wa kawaida uliochanganywa. Matokeo yalitoka mwaka 2000: waliotenganisha walipungua wastani wa kilo 6.2, waliochanganya kilo 7.5, na tofauti hiyo haikuwa kubwa kitakwimu. Kilichowapunguza wote ni kula kidogo.

Mbona jirani yangu alipungua?

Swali zuri. Ukikatazwa kukutanisha mafuta na wanga, unakuwa umekatazwa chipsi, maandazi, sambusa, keki na chapati. Na hivi ndivyo vitu ambavyo ukianza, mkono haurudi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha jaribio ambalo watu walishindania vitafunwa kwa fedha kama mnadani. Kwa kalori zilezile, vitafunwa vyenye mafuta na wanga pamoja vilipandishiwa dau kuliko vyenye kimoja peke yake. Ubongo unaupenda huo mchanganyiko. Kwa hiyo jirani alipungua kwa sababu aliacha vishawishi.

Sasa, namba za shangazi

Wali mtupu hutoka tumboni haraka, na sukari yake inafika kwenye damu kwa kishindo. Ukiongeza samaki, mboga na mafuta kidogo, tumbo linajifungua polepole, na mlima wa sukari unakuwa mfupi zaidi. Kwenye jaribio dogo la New York la mwaka 2015, watu 11 wenye kisukari aina ya pili walikula mlo uleule kwa mpangilio tofauti. Walipoanza na kuku na mboga, halafu dakika 15 baadaye mkate na juisi ya machungwa, sukari yao saa moja baada ya kula ilikuwa chini kwa takriban 37% kuliko walipoanza na mkate na juisi.

Tuwe waangalifu lakini. Mafuta yanachelewesha sukari, hayaifuti. Ukimwaga mafuta mengi, sukari inaweza kupanda baadaye na kukaa juu muda mrefu, na kalori zimeongezeka. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye mboga si sawa na sahani ya chipsi.

Halafu kuna mchicha wenyewe. Ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A huyeyuka kwenye mafuta. Jaribio la Marekani la mwaka 2004 lilionyesha kwamba watu waliokula saladi isiyo na mafuta kabisa walifyonza karotini kidogo mno, karibu na hakuna. Mchicha wa kuchemsha mtupu shangazi alikuwa anautafuna, lakini sehemu kubwa ya karotini yake ilikuwa inapita tu.

Nilimwambia hivi: samaki arudi mchana, mboga ipate mafuta kidogo, aanze nazo hizo, na wali upungue uwe robo ya sahani. Nazi aitumie, ila nyepesi na mara mojamoja. Dawa asiziguse, na daftari la vipimo aende nalo kliniki.

Wiki mbili baadaye akasema namba zimeanza kutulia. Mtu mmoja si utafiti, najua. Ila ile sauti ya grupu ameifuta, na jana kaniuliza kuhusu maji ya limao.