Gari Inagonga Chini, Mume Hasikii!

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nikupe siri ya nyumbani kwangu. Mimi na mume wangu tulinuniana karibu mwezi mzima, na chanzo hakikuwa mwanamke mwingine, wala simu, wala mawifi. Ilikuwa ni sauti. Ko-ko-ko! Inatoka chini ya gari, mbele, upande wa kushoto. Upande wangu.

Gari letu ni mtumba wa Japani, kama mengi unayoyaona kwenye foleni za Dar es Salaam. Kila asubuhi tunatoka Tabata kuja mjini, yeye anaendesha, mimi nakaa pembeni. Kabla ya kuishika lami kuna kipande cha vumbi, na hapo ndipo balaa lilipokuwa linaanza. Vishimo vidogo vidogo, ko-ko-ko. Tukifika lami, kimya.

"Baba, unasikia hiyo?"

"Ipi?"

"Hiyo inayogonga."

"Hamna kitu mama, labda redio."

Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya tano sikucheka. Dada unayesoma hapa unajua inavyouma kumwambia mtu jambo unalolisikia kwa masikio yako mawili, halafu anakujibu halipo. Nikaanza kujiuliza, kama hili dogo haniamini, likija kubwa itakuwaje?

Tena zilibaki wiki tatu tu twende Moshi kwa wakwe zangu, Krismasi, na watoto nyuma. Chalinze, Segera, Mombo, Same, kilomita zaidi ya 500. Kuzimaliza zote hizo huku kuna kitu kinagonga karibu na tairi? Hapana jamani.

Laki tatu zikaondoka

Jumamosi moja akakubali, nadhani ili ninyamaze tu. Akapeleka gari gereji. Kijana wa pale hakuliendesha hata mita 100. Akainama, akachungulia, akatoa hukumu: "Bosi, shokapu zimekufa."

Shokapu mbili za mbele pamoja na ufundi, laki tatu na ushee. Zilikuwa pesa za safari.

Jumatatu tukaingia kwenye vumbi. Ko-ko-ko.

Nikamwangalia. Akaongeza sauti ya redio. "Si unaona imetulia?" akasema, macho mbele.

Siku ile hatukuongea mpaka usiku, na usiku tuliongelea ada ya shule tu.

Tukabadilishana viti

Ofisini kaka mmoja akanielekeza kwa fundi wake, mtu mzima, yuko Ilala. Nikambembeleza mwenzangu twende wote. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Mzee hakushika spana. Alianza kuuliza, kama daktari. Inagonga ukikata kona? Ukikanyaga breki? Kwenye tuta? Asubuhi tu, au hata gari ikishapata moto?

"Mzee, mimi wala siisikii," mume wangu akasema. "Mwenzangu ndiye anayeisikia."

Mzee akacheka. "Si ndiye anayekaa karibu nayo? Leo yeye aendeshe, wewe kaa kwake."

Kwanza akatoa kila kitu kwenye buti: jeki, spana, tairi la akiba, hadi mwamvuli wangu. Alisema wapo watu waliotoa pesa nyingi gereji, kumbe ni jeki inacheza ngoma. Kisha tukaingia mtaa wa nyuma wenye mashimo. Redio imezimwa, vioo vimeshushwa, mzee kiti cha nyuma.

Ko-ko-ko.

Mume wangu akageuka kuniangalia. "Mh! Hivi ndivyo unavyoisikia kila siku?"

Na mimi nikiri. Nikiwa kwenye usukani niliisikia kwa mbali tu, kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani. Ningekuwa mimi dereva, na watoto wanapiga kelele nyuma, huenda na mimi ningesema ni redio.

Mzee akaniambia nipite tuta moja kwa moja, taratibu, matairi yote mawili ya mbele yapande pamoja. Kimya. Akaniambia nirudi, nipitishe tairi la kushoto tu kwenye ncha ya tuta. Ko! "Basi," akasema, "turudi gereji."

Alitufafanulia hivi. Mbele, chini ya gari, kuna chuma kirefu kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Ndiyo stabilaiza. Kila upande imeshikwa na fimbo fupi, stabilaiza linki, yenye vifundo vidogo kwenye ncha zake. Matairi yakipanda tuta pamoja, chuma kile kinajizungusha tu, hakina kazi. Tairi moja likitumbukia peke yake, kinajipinda, na kama kifundo kimelegea, kinagonga. Ndiyo maana vishimo vilituimbia na matuta yakanyamaza.

Gari likiwa limesimama kwa matairi yake manne juu ya shimo la gereji, akashuka, akaitikisa linki ya kushoto kwa mkono. Tik-tik. Ya kulia, imara. Ili asibahatishe, akazifungua zote mbili, tukarudi mtaa ule ule polepole. Kimya kabisa! Tukanunua mpya mbili Gerezani. Pamoja na ufundi, elfu sitini.

Njiani kurudi, mume wangu akazima redio. "Mwanzoni kweli nilikuwa siisikii, kwa sababu sikuwa nasikiliza. Lakini ile Jumatatu niliisikia. Niliona aibu, mama. Laki tatu."

Mpenzi msomaji, nilikuwa na "si nilikuambia" yangu ulimini tangu mwezi uliopita. Nikaimeza. Nikamwambia tu kwamba siku ile kilichoniuma ni ile redio, wala si laki tatu.

Kabla hujafungua pochi

Safisha buti kwanza, halafu badilishaneni viti. Mwandike sauti inatokea wakati gani, na fundi apewe maelezo hayo kabla hajashika spana. Haya ndiyo niliyoyabeba kwa mzee:

* Ukikata kona hadi mwisho wa usukani huku gari linatembea, na inalia ka-ka-ka, mwambie fundi aangalie jointi za ekseli.

* Ikigonga mara moja ukikanyaga breki au ukiondoka, tazama bushi za mikono ya chini.

* Ikilia unapozungusha usukani gari limesimama, huenda ni maunti za juu ya shokapu.

* Shokapu iliyochoka ina dalili zake. Gari linanesanesa baada ya tuta, au utaiona imelowa mafuta. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu, uachie. Linatakiwa kupanda na kutulia, siyo kucheza muziki.

* Usukani ukianza kulegea au gari likivuta upande huku linagonga, usiliendeshe. Inaweza kuwa bol jointi, na ikichomoka tairi linalala njiani. Mzee aliikagua yetu bila kuombwa: akanyanyua gari, akaweka stendi, akashika tairi juu na chini akalitikisa.

* Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Na shemeji zangu mnaosoma hapa, mwenzako akisema "inagonga", usimjibu haraka. Hamia kwenye kiti chake kwanza.

Moshi tulifika salama. Pale tunapoiacha lami kupanda kwa wakwe zangu, njia ina mawe na makorongo, mume wangu akazima redio mwenyewe, akapunguza mwendo.

"Mama, unasikia kitu?"

Nikategesha sikio. Nyuma watoto walikuwa wamelala.

"Sisikii kitu, baba."