Riba Inaishia kwa Nani?

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa akina mama watatu. Mtunza sanduku hulala nalo uvunguni, lakini ufunguo hana. Utaratibu huo ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa huko. Baadaye ukafika kwetu Tanzania, Bara na Visiwani, ukakuta upatu umeshatuzoesha kuchanga.

Upatu huzungusha fedha tu, kikoba hukopesha. Mama hununua hisa kila wiki, hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, hurejesha kwa riba. Akichelewa kikao, faini. Akifiwa, mfuko wa jamii upo. Siku ya kuvunja kikoba, riba aliyoilalamikia mwaka mzima inamrudia yeye na wenzake.

Riba ya mikopo ya mtaani iitwayo kausha damu hairudi. Muuza vitumbua anachukua fedha leo, kesho afisa mikopo yuko mlangoni anadai rejesho, mvua inyeshe au jua liwake. Akikwama, hubebwa friji na godoro. Wengi hukopa huku ili walipe kule, na wapo wanaokopa kwa jina lao fedha ikatumiwa na mume. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, lakini mwenye shida ya ada ya shule haulizi leseni.

Mwaka 2015 zilichapishwa tafiti sita kutoka nchi sita, zikiwamo Ethiopia, Morocco na India. Zilikuta mikopo midogo inasaidia kwa kiasi, ila haibadilishi maisha kama ilivyotangazwa. Sishangai. Mtaa mmoja ukikopeshwa wote uuze vitumbua, nani atanunua?

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Tatizo ni vikundi vinavyozaliwa wiki ya kujaza fomu na kufa fedha ikishagawanwa. Kabla ya kuuliza katiba na muhuri, afisa maendeleo ya jamii angeomba kwanza daftari la hisa la mwaka jana.